Sindano ya Kukausha Machozi

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa imani ya kuweza kuapia, kwamba mwanafunzi wa uuguzi akifika chuoni hudungwa sindano ya kukausha machozi. Nilielezwa na kinyozi wangu, na nani atabishana na mtu aliyemwekea wembe shingoni? Basi wiki iliyopita, nilipopata habari kwamba muuguzi wetu wa hapa kisiwani, mtaa wa Langoni, ametangulia mbele ya haki, jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa ile sindano. Nilimjua bibi huyo tangu tuliposoma pamoja masomo ya jioni, mimi nikitafuta cheti cha kunipa heshima barazani, yeye akirudia baiolojia na kemia ili chuo kimkubali. Tangu alipotoka chuoni sikuwahi kuliona chozi lake, hata siku alipozikwa mamake. Nikasema, hiyo ndiyo dawa, imeshika barabara.

Alipokuwa bado mwanafunzi aliletwa huku kwetu kwa mazoezi ya wodini, na siku hiyo nilikuwapo, maana ami yangu alikuwa amelazwa. Mnatujua: mgonjwa mmoja, wageni mtaa mzima. Birika za kahawa, mikate ya sinia, vitumbua. Nusu ya kisiwa ilikuwa mle ndani, na nusu ya pili ilikuwa mlangoni ikingoja nafasi. Saa ya kutazama wagonjwa ikapita. Msimamizi wa wodi akamwambia msichana, “Watoe.” Awatoe vipi, na wale ni shangazi zake na mwalimu wake wa madrasa? Akajaribu: “Jamani, wakati umekwisha.” Bibi mmoja mwenye sauti ya kupasua kuta akamrudi hapo hapo, “Salamu huyatupa, waya kutufukuza? Ndoo unwe kahawa!” Watu wakacheka: kweli, alikuja kutufukuza kabla ya kutusalimia wala kunywa kahawa yetu. Msichana akasimama miguuni pa kitanda, akainua mikono, akasema kwa upole, “Tumuombee mgonjwa wetu shifaa. Al-Fatiha.” Vikombe vikawekwa chini. Tukasoma, tukapangusa nyuso, na kwa kuwa kwetu Fatiha ikishasomwa kikao kimefungwa, kila mtu akaanza kutafuta viatu vyake. Wodi ilikuwa tupu kabla kahawa haijapoa. Yule bibi alitoka akinung’unika, “Katutoa kwa adabu, sina la kusema.”

Baadaye vijana waliotaka kuingia uuguzi walikuwa wakimwendea kuomba nasaha. Swali lake la kwanza halikuwa la alama. Aliuliza, “Kwenu nani humwosha nyanya?” Aliyejibu kwamba ni mtumishi alirudishwa nyumbani akamwoshe mwenyewe kwanza, kisha aje wazungumze. Alama zitakufungulia mlango, alisema, lakini ndani utapimwa kama unajua kumgeuza mtu kitandani bila kumuumiza wala kumvunjia heshima. Nunua viatu vya kusimamia kutwa. Kula kabla ya zamu. Dawa usiyoijua, uliza kabla ya kuishika, hata kama atakayekujibu atakukaripia. Siku hizi wengi huuliza kwanza habari za kazi ng’ambo, nami nilidhani atawatimua. Hakuwatimua. Aliwaambia tu kwamba hata huko ng’ambo wazee huoshwa. Lakini juu ya machozi hakusema neno, na mimi, kwa kuwa nilijua tayari habari za sindano, sikuuliza.

Sasa njooni kwenye kilichonivuruga. Binti wa kaka yangu yuko mwaka wa kwanza wa uuguzi, na ni marehemu aliyemwongoza tangu mwanzo. Alikuja mazishini, na jioni ile akatuambia harudi tena chuoni. Mzee mmoja wodini, ambaye binti ndiye aliyekuwa akimlisha uji kila asubuhi, alifia mikononi mwake, naye akaangua kilio mbele ya wodi nzima hadi mwalimu akamtoa nje. “Ami,” akaniambia, “sisi hawakutudunga. Au mimi nilirukwa?” Nilidhani anatania. Hakuwa akitania, habari ile ya kinyozi amelelewa nayo kama sisi sote. Asiporipoti Jumatatu, nafasi inapotea. Nami ninayejua kila kitu, kuanzia bei ya mafuta hadi dawa ya punda mkaidi, nilichofanya ni kumwongezea kahawa. Nimhimize arudi? Nimhurumie abaki? Wa kuulizwa alikuwa mmoja tu, na ndiyo kwanza tulikuwa tumetoka kumzika.

Baada ya kisomo cha hitima alipita kwetu mama mmoja aliyesoma chuoni pamoja na marehemu, kutuaga kabla ya kuvuka bahari hadi Mokowe, bara, kupanda basi. Nikamuuliza mbele ya binti, “Bi, ile sindano ya machozi waliiacha mwaka gani?”

“Sindano gani, Bwana?”

Nikamweleza. Akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akamwona binti hacheki, naye akaacha, akaketi karibu yake. Alichosema hakikuchukua muda, na kesho yake binti alivuka naye, viatu vyeupe mkobani. Mnaoomba nafasi vyuoni mwaka huu, mimi msinisikilize, bado ninajikanganya. Msikilizeni yeye:

“Hakuna sindano, mwanangu. Marehemu alilia kuliko sisi sote. Alikuwa akiingia chooni, analia, ananawa uso, anarudi wodini, kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa bado hai.”