Shira ya Kwanza Msituni Anoka

Mama yake Nkirote alifariki Meru mwezi Januari, mwaka 1996, akazikwa huku binti yake akiwa katika mji wa Crystal, Marekani, anawageuza wazee vitandani katika makao alikofanya kazi. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na akitoka Marekani hangeruhusiwa kurudi. Kwa hiyo aliendelea na zamu. Watu wa kanisa walikuja kumwombea, mumewe Harrison akampikia, lakini machozi hayakuja. Msiba aliusikia kama habari ya jirani.

Mpishi wa makao yale alikuwa mama mmoja wa makamo, Margaret, Mwojibwe, wa kabila la wenyeji asilia wa Marekani, aliyekulia kwenye maziwa ya kaskazini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja mwezi Machi, theluji ikiwa bado imejaa kando ya barabara, alimwambia Nkirote kwamba kunguru wamerudi, dalili kwamba baridi inakaribia kwisha, na Jumamosi Waojibwe wa mjini watakutana msituni karibu na Anoka kuchemsha utomvu mtamu wa miti iitwayo maple mpaka uwe shira. Yeyote alikaribishwa.

Harrison hakuona maana ya safari hiyo. "Mama Kendi, hiyo siku ni off yako," alisema. "Si ulale tu?"

Nkirote alikwenda, akamchukua na binti yao Kendi.

Ndoo zilining'inia kwenye miti, na masufuria makubwa yalichemka juu ya moto wa kuni. Margaret aliwaeleza kwamba barafu ikiganda usiku na kuyeyuka mchana, mti hutoa maji yake; barafu ikiacha kuganda usiku, kazi imekwisha mpaka mwakani. Kwao mwezi ule ulipewa jina la kazi hiyo. Kisha akauliza, "Na kwenu, sasa hivi watu wanafanya nini?"

Tangu Nkirote aje Marekani, mwezi kwake ulikuwa kodi ya nyumba na ratiba ya zamu. Akafikiri. Machi. Mashamba yameshalimwa, watu wanangoja mvua. Mama yake angekuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe ya mbegu, mara kwa mara akiinua macho kutazama mawingu upande wa vilima vya Nyambene. Alieleza hayo yote taratibu, Kendi amemshika koti, anasikiliza.

Shira ilipokuwa tayari, hakuna aliyeionja kwanza. Alfred, kaka yake Margaret, alimimina kidogo katika chombo cha magome kwa ajili ya waliofariki wakati wa baridi. Watu wakasogea mmoja mmoja, kila mmoja akiongeza tone na kutaja jina la marehemu wake. Nkirote akasita. Alikuwa mwanakwaya wa Kimethodisti, na kuwatengea wafu chakula ni jambo ambalo kwao liliachwa enzi za bibi yake.

Margaret aliona. "Si lazima uweke kitu," alimwambia. "Ukitaka, taja jina tu."

"Ciokaraine," alisema Nkirote. "Mama yangu."

Akalia pale pale, amesimama kwenye tope la theluji. Hakuna aliyemnyamazisha. Alfred aliongeza kuni motoni. Baadaye Kendi akamuuliza mama yake kwa Kiingereza kama shosho, yaani bibi yake, alipenda vitu vitamu, naye akajibu kwamba alivipenda mno, hata daktari alikuwa amemkataza.

Jioni alimsimulia Harrison yote, pamoja na lile lililomtia wasiwasi. Harrison alisema yeye asingekisogelea chombo kile kabisa. Hawakukubaliana, wala hawakugombana. Walikaa jikoni wakizungumza habari za mama, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu Januari.

Nkirote na Kendi walirudi Anoka kila Machi. Mwaka ambao Margaret aliumwa magoti, Harrison alijitolea kumpeleka kwa gari. Alisema angengoja garini, lakini baridi ikamshinda. Walipomtafuta, walimkuta nyuma ya kibanda cha kuni akizipasua na Alfred, koti amelivua, wakibishana jinsi ya kunoa shoka.