Finjani ya Wakili

Siku yangu ya kwanza kumwendesha mjumbe wetu wa Al Qabil, nilimfungulia mlango mzee mmoja kule Maskati nikamwambia, "Karibu, Saada." Akanitazama kama nimemkanyaga joho. Ndani ya gari mjumbe wangu akanambia, "Wa kuitwa Saada ni sisi wa Baraza la Shura, tuliopigiwa kura wilayani. Yule ni Mukarram, wa Baraza la Dola, kateuliwa na Sultani. Ukikosea tena, ntakayechekwa ni mie."

Mie chuo cha Kurani niliishia Juzuu Amma, na skuli msiniulize. Nimeendesha lori la maji Nizwa chini ya mudiri aliyekataza redio, kisha Sur chini ya mudiri aliyeichukia pumzi yangu. Mambo ya mabaraza nimeyasikia kwenye usukani, basi nawapeni kama nilivyoyapata. Mswada hutoka serikalini ukaanza Shura, wakaukubali au wakaurekebisha. Kisha huenda Dola. Wakitafautiana, mabaraza mawili hukaa pamoja, raisi wa Dola akaongoza, wakapiga kura, na neno likapandishwa kwa Sultani. Mjumbe wetu mule ndani ni mkono mmoja tu. Wilayani tulidhani kaondoka na mamlaka yetu yote mfukoni.

Mwaka huo falaji yetu, mfereji unaonywesha mitende, ilikuwa inakauka. Watu walichimba visima karibu na chimbuko lake. Saada alitia rekebisho kwenye mswada wa maji: pale pasichimbwe. Shura wakakubali, Dola wakakataa. Ikabaki kikao cha pamoja.

Siku moja kabla ya kikao, baada ya laasiri, Wakili, msimamizi wa falaji, mtu aliyekulia Pemba na mwenye ulimi mkali, akaja sablani kwa Saada, ukumbi wake wa kupokelea wageni. Nikammiminia kahawa. Akaipokea, akaiweka mkekani, hakunywa.

Kwetu hilo ni ombi. Anayeombwa akishasema "kunywa", keshakubali. Sabla yote ikamgeukia Saada. Uchaguzi ulikuwa karibu, na mie moyoni namwambia Saada sema, bwana, neno lenyewe moja.

"Siwezi kukwambia kunywa, ami," Saada akasema.

"Kwani tulikupeleka kule kufanya nini?"

"Kusema na kupiga kura. Yote mawili ntayafanya. Lakini tuko wengi, na wengine kwao hakuna falaji, wana visima tu."

"Babako angenambia kunywa."

Akainuka, akaondoka. Finjani ikabaki imejaa, na hakuna aliyethubutu kuiondoa. Mie ndiye mmiminaji, lakini hata mie niliizunguka.

Kesho yake nilimngoja garini, jua la Maskati hilo, viatu vinanata. Alipotoka hakukaa nyuma kama desturi, alikaa ubavuni mwangu. Akasema alisimama, akasema, wenye visima nao wakasema yao, na kura zikatushinda. Basi. Tukakaribia kwake. Akanambia nipite moja kwa moja, niende kwa Wakili.

Wakili alimimina mwenyewe. Saada akapokea finjani, akaiweka chini.

Sijapata kuona mjumbe akifanya hivyo. Wakili aliitazama mpaka moshi wake ukaisha.

"Unataka nini?"

"Unisamehe, ami."

Mzee akaichukua ile finjani, akaimwaga, akamimina nyengine.

"Kunywa. Hukunidanganya. Lakini kura yangu hupati."

Saada akanywa, akaitikisa finjani kuonyesha imetosha, akacheka kidogo. Na kweli, uchaguzi ulipofika hakuipata, yake wala za wengi wengine. Aliyemshinda alizunguka wilaya nzima, na kila sabla aliyoingia kinywani mwake mna "kunywa" tu. Wa Dola wao hawana uchaguzi wa kuwatoa, Sultani akitaka huwateua tena. Mie na Saada tukastaafu pamoja.

Siku hizi sablani nakaa kama mgeni, namiminiwa. Falaji bado inapungua. Juzi Wakili kaiweka finjani chini mbele ya mjumbe mpya.

"Kunywa, ami, kunywa," yule bwana akamwambia, hata hajamuuliza shida yake.

Wakili akanigeukia mie, akanitazama. Finjani hakuigusa.