Plagi ya Bwana Stoo

Wako wanaume wanaofuga ng'ombe, wako wanaofuga ndevu. Bwana Stoo alifuga mashine ya kufyekea.

Miaka thelathini alikuwa mtunza stoo, na sifa yake kazini ilikuwa moja: kitu kikiingia kwake hakitoki. Ukitaka jembe, sahihi tatu. Ukitaka mpini wa hilo jembe, sahihi nyingine tatu, na urudi kesho. Siku ya kustaafu wenzake wakampa mashine ya petroli, ile inayoning'inia begani kwa mkanda, yenye kisu cha duara mbele. Walimpa akafyekee kwake, maskini. Hawakumjua.

Kila asubuhi aliitandikia gunia barazani. Chujio la hewa linaoshwa kwa sabuni, linaanikwa. Kisu kinapanguswa, kinapakwa grisi. Petroli inamwagwa kutoka kwenye tangi, maana ikilala humo inaganda na kuziba kabureta. Haya yote aliyahubiri kwa sauti, na muumini alikuwa mmoja tu, mkewe, anayechambua mchele pembeni. Mwisho anafungua plagi, anaisugua kwa brashi, anaifunga kwenye kitambaa na kuitia mfuko wa shati. Bila plagi, hakuna wa kuiwasha. Miaka minne ilipita hivyo, na kisu bado kilikuwa na rangi ya kiwandani.

Uwani, magugu yalikuwa yamefika dirishani. Choo cha nje kilionekana paa tu. Mke alipambana nayo kwa panga mpaka bega la kulia likagoma, akaomba aitwe kibarua.

"Watu waone tuna mashine halafu tunaajiri panga?" akasema Bwana Stoo.

"Basi iwashe."

"Mama watoto, majani hayo yana mawe. Jiwe moja tu, kisu kwisha."

"Na kiangazi ulisemaje?"

"Kiangazi kuna vumbi. Vumbi linaua chujio."

Ndipo binti yao wa pekee akajifungua. Alitaka kuja Jumamosi na kichanga, alale chumba cha nyuma, mama yake amlee miezi mitatu. Mama alikuwa ameshapiga deki mara mbili. Jumatano mkwe akaja kukiangalia chumba. Hata hajakaa, nyoka akapita kwenye ngazi za baraza, taratibu, kama mwenye nyumba.

Mkwe alikuwa kijana wa adabu.

"Mama, nisamehe. Mtoto simlazi hapa. Ijumaa nikirudi nikikuta pako hivi, nawapeleka kwa mama yangu."

"Ni haki yako, baba," mama akasema, akamgeukia mumewe. "Umesikia?"

"Nimesikia," akajibu Bwana Stoo, akipuliza chujio. "Lakini mashine haiharakishwi."

Alhamisi alikwenda kliniki ya macho. Akavaa shati safi, lile la jana akalitupa kwenye nguo chafu. Mkewe hafui shati kabla ya kupapasa mfuko. Akapapasa.

Hakucheka. Alimaliza kufua kwanza. Kisha akaingia majanini na fimbo ndefu, akipiga chini kila hatua, kumfukuza nyoka na kutafuta mawe. Akapata matatu. Miaka minne ya hofu, mawe matatu, tena moja lilikuwa tofali.

Mengine aliyajua kwa kuhubiriwa. Petroli lita moja, oili vifuniko vinne, tikisa. Plagi ikaze kwa mkono kabla ya spana. Bonyeza kile kipira mpaka petroli ionekane, funga choki, kile kilango cha hewa, vuta kamba. Mara ya tatu ikakohoa, akafungua choki. Mara ya nne ikanguruma. Mkanda akauvaa bega la kushoto, lile ambalo halijagoma, akaanzia chini ya dirisha la chumba cha nyuma.

Saa kumi Bwana Stoo alisimama langoni akidhani amepotea nyumba. Hakuutazama uwanja mara ya pili. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisu, akakipapasa.

"Umekikwaruza."

"Kimefanya kazi."

"Hukuniomba."

"Nikuombe, nikusanye sahihi tatu?"

Akakaa juu ya gunia, akafungua tangi, akanusa. "Ulitia vifuniko vingapi?"

"Vinne."

"Hukuzidisha?"

"Kwa mahubiri yale? Ningezidishaje?"

Ijumaa mkwe akapita, akaona, akaenda kupakia kitanda cha mtoto. Jumamosi kichanga kikalala chumba cha nyuma, dirisha wazi. Babu alikibeba dakika moja, akarudi kwenye gunia lake, maana kisu kilikuwa kimegandwa na majani makavu. Kwa mara ya kwanza mzee wa watu alikuwa na uchafu wa kusafisha.

Alipomaliza akafungua plagi, akaisugua, mkono ukaelekea mfukoni. Mkewe alikuwa amesimama mbele yake, mjukuu kwenye mkono mmoja, kiganja cha pili kikiwa wazi.

"Lete."

Bwana Stoo akakitazama kile kiganja, akamtazama mtoto, akaiweka. Hakuna aliyesaini.