Dungu la Vipandio Saba

Wiki iliyopita, katika ofisi ya kata huku bondeni Rufiji, nilisimama nyuma ya bibi mmoja aliyefuata mbegu ya mpunga. Mafuriko yalikuwa yamesomba shamba lake lote, na muda wa kupanda upya ulikuwa unampita.

Bwana shamba alimsogezea fomu. "Bibi, mbegu tunampa mwenye mpango wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Wako uko wapi?"

"Uko shambani."

"Nautaka hapa, bibi."

"Haubebeki, mwanangu. Ni dungu." Akainua mkono juu ya kichwa kuonyesha kimo cha kibanda chake cha nguzo, anamokaa kufukuza nguruwe na kujihifadhi maji yakijaa. "Mama yangu alilijenga, ngazi yake ikiwa na vipandio vitano. Maji yakazidi, nikainua sakafu. Sasa vipandio saba. Miti ya kuongeza cha nane nimeshakata."

Bwana shamba alicheka, kisha akaandika yote, mpaka hiyo miti.

"Haya, na nyie?" bibi akauliza, akilitazama gunia la mbegu lililolala sakafuni. "Ofisi yenu ina vipandio vingapi?"

Bwana shamba aliangalia mlangoni. Palikuwa na kizingiti tu. Alimpimia bibi mbegu zake, kisha akalikumbatia gunia, akalipandisha juu ya meza, juu ya mafomu yake yote.

Nimefundisha watoto miaka mingi. Sijapata kuona somo likieleweka upesi namna ile.