Bwana Eneo na Kona ya Kitangari

Belo la mitumba likifunguliwa hutoa harufu yake, ile ya dawa iliyochanganyika na kabati za watu usiowajua. Wengine wakiinusa hukumbuka shati lao la kwanza la Idi. Mimi humkumbuka Bwana Eneo, na siku yangu huharibika.

Hilo halikuwa jina lake. Ndilo tulilompa sisi watoto, na sitamfanyia hisani ya kumwita jingine. Alikuja kijijini kwetu, mwendo mfupi wa baiskeli kutoka Newala mjini, katika miaka ile ya ruhusa, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mzani akajiita mnunuzi wa korosho. Wanunuzi wengine walikuja na magunia. Yeye alikuja na magunia, jenereta, televisheni na maoni. Jioni aliiwasha jenereta ghalani kwake, nasi tukakaa juu ya magunia matupu kutazama kanda za mpira wa Ulaya, naye amesimama kando ya kioo akitueleza kile tunachokiona, utadhani hata macho alituletea yeye.

Timu ya shule yetu ya msingi ilipofika fainali ya wilaya, alifungua belo akatupa jezi. Zilikuwa za wanaume wazima wa huko zilikotoka. Yangu ilinifika magotini, na mgongoni ilikuwa na jina la mtu ambalo hadi leo siwezi kulitamka. Pamoja na kutupa jezi, akajipa ukocha. Mwalimu mkuu, ambaye ghalani alitengewa kiti cha mbele, hakuona ubaya wowote.

Hadi siku hiyo kocha wetu alikuwa Mwalimu Bertha wa darasa la tatu, mama mnene mwenye filimbi shingoni na kanga kiunoni. Sitawadanganya kwamba aliujua mpira. Kuotea alikuwa hakuelewi, na mchezaji akilala chini alimwuliza kama amekula. Lakini kwenye kona alikuwa na sheria moja, nayo ni kila mtu na mtu wake. Aliwagawa wapinzani kama alivyogawa zamu za kuteka maji, kwa majina. Dismas, wako yule. Hassani, wako huyu. Akikupotea, utaulizwa wewe.

Na alipoweza, alitupa watani wetu tuwakabe. Kwa msiotoka kwetu, mtani ni mtu ambaye ukoo wake na ukoo wako zina ruhusa ya kutukanana bila kununiana. Akifa, wewe ndiye unayekwenda msibani kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka wafiwa wacheke huku wanalia, kisha unadai chakula chako. Anayemkasirikia mtani wake anaonekana hakulelewa. Mshambuliaji wa Kitangari aliitwa Saidi, mvulana mrefu kuliko baadhi ya walimu, naye alikuwa mtani wangu tangu kwa babu zetu. Tulipokutana nao mara ya kwanza, kabla ya fainali, nilimganda kwenye kila kona.

"Saidi, kaburi lako nimelichimba fupi. Miguu itabaki nje."

"Utaikunja mwenyewe. Si wewe ndiye mzikaji?"

"Nitaikunja, na ubwabwa wa hitima yako nitaumaliza peke yangu."

Mtu anayecheka haruki vizuri, jaribuni mtaona. Siku ile Saidi hakupiga kichwa hata kimoja cha maana, na mwamuzi mwenyewe alikuwa akicheka.

Nilitaka ushindi kuliko wenzangu wote, na sikuwa na habari na kombe. Mshindi alikwenda Mtwara kwenye mashindano ya mkoa, na Mtwara ndiko alikokuwa mama yangu. Aliachana na baba nikiwa mdogo, akaolewa huko na fundi cherehani. Tangu nilipoanza darasa la pili sikuwa nimemwona, na sasa nilikuwa la sita. Sauti yake niliikumbuka, lakini sura ilikuwa imeanza kunitoka, na jambo hilo lilinitisha. Jirani yetu mmoja aliposafiri kwenda Mtwara nilimtuma amwambie mama kwamba ninakuja na timu. Sikusema tukishinda. Nilisema ninakuja.

Basi Bwana Eneo akatuita ghalani, akatandika mkeka, akapanga korosho juu yake. Korosho moja nguzo ya karibu, moja nguzo ya mbali, nyingine katikati. Mimi nilikuwa korosho ya nguzo ya karibu.

"Watu wa kisasa hawakabi mtu," alisema. "Mtu anahama. Eneo halihami. Kila mmoja alinde eneo lake."

Dismas, nahodha wetu, aliinua mkono. "Shikamoo, bwana. Na mtu akipita kwangu akaingia kwa mwenzangu?"

"Marahaba. Huyo si wako tena."

"Na mwenzangu akiwa hajamwona?"

"Wewe umeshamaliza kazi yako."

Mwalimu Bertha alikuwa amesimama mlangoni. "Na hao wa Kitangari," aliuliza taratibu, "wameonyeshwa mipaka iko wapi?"

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu," alisema Bwana Eneo, akairudisha mahali pake korosho iliyokuwa imebiringika.

Mwalimu Bertha akavua filimbi shingoni, akaitia kwenye mkoba wake.

Ukubwani nimejifunza kwamba kukaba eneo si upuuzi. Timu kubwa hufanya hivyo na kushinda. Lakini wanaojua humfundisha beki kuufuata mpira ukiwa bado hewani, aurukie yeye kwanza kabla ya adui. Bwana Eneo aliona kusimama tu. Kanda zake zilikuwa na mikwaruzo, jenereta ilizima mara kwa mara, na yeye alikuwa mtu wa kuona nusu ya jambo kisha akalitolea hotuba nzima. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile letu lilivuma kwa nguvu za dizeli.

Fainali ilichezwa Newala, juu ya mchanga mwekundu uliochoma nyayo. Tulikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, hakuna goli, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kufunga mzigo. Kitangari wakapata kona. Nikasimama kwenye nguzo ya karibu, jezi imenifika magotini, nimetulia kama nilivyokuwa mkekani. Saidi akanipita karibu kabisa, anatabasamu.

"Mtani, leo huniziki?"

Nilipiga hatua kumfuata. Mwili wangu ulijua pa kwenda. Kutoka pembeni ikaja sauti ya Bwana Eneo, "Eneo, Hassani, eneo," nami nilikuwa mtoto mtiifu, nikarudi kwenye nguzo. Saidi akaenda hadi kati yangu na Dismas, mahali ambapo mkeka ulikuwa mtupu, akaruka peke yake bila mtu wa kumchekesha. Kipa wetu aliuona mpira ulipokwisha kutulia wavuni.

Sikulia uwanjani. Nililia nyuma ya choo cha shule ya watu, nimejifunika uso kwa ile jezi na harufu yake.

Bwana Eneo hakuomba radhi. Alitukusanya akatueleza kwamba mpango ulikuwa sahihi, ila mpira uliangukia mpakani, na kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Alisema hivyo kwa upole, kama anayetupa zawadi. Kesho yake alizikusanya jezi zake, na Jumapili nikaiona yangu gulioni, imetundikwa. Msimu wa korosho ulipokwisha aliondoka na jenereta yake, akaenda, nadhani, kuwapangia wengine mkeka.

Kitangari wakaenda Mtwara. Waliporudi, Saidi alipanda baiskeli akaja mpaka nyumbani kwetu, akaketi barazani bila kukaribishwa, kama ilivyo haki ya mtani.

"Nimekula ubwabwa wako," alisema.

Kumbe mama alikuja uwanjani siku ya kwanza, amebeba chungu, anauliza kila mtoto kama anatoka Newala na kama amemwona Hassani. Wenzake Saidi walimwambia timu yetu haikuja. Saidi ndiye aliyemfuata getini. Akamwambia kwamba yeye ni mtani wangu, kwamba mimi ni mzima, mbishi, na kwamba nimemchimbia kaburi fupi. Mama akacheka, akampakulia. Kisha akampa Saidi kaptula aliyoishona mumewe, aniletee. Ilikuwa ndogo. Mama alikuwa ameikadiria kwa yule mtoto aliyemwacha.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Bwana Eneo ndiye aliyeninyima mama yangu, na dharau yangu kwake nimeilea vizuri mpaka imeota mvi. Bado ninayo. Lakini nilipoanza kuwa na watoto wangu mwenyewe niliuliza, na majibu niliyoyapata hayakumhusu. Mama alidhani baba hataki niende. Baba alisema, kwetu mtoto ni wa mjomba, yeye angewezaje kumpita mwenye kauli. Mjomba alisema alikuwa akingoja mama aniite, maana ameolewa ugenini na huenda mumewe hapendi. Niliwasikiliza mmoja mmoja, kila mmoja na heshima zake, kila mmoja hana kosa. Hakuna aliyeulizwa na mtu.

Mabasi ya Mtwara yalikuwa yakiondoka Newala kila alfajiri, nami nilikuwa nikiyasikia yakipiga honi barabarani. Lakini mimi, mtoto wa darasa la sita, niliachiwa nimtafute mama yangu kwa kushinda kombe la wilaya.