Sahihi Yangu Chini ya Dole Gumba la Baba

Ukiniletea karatasi niweke sahihi, lete na kiti chako ukae, maana utangoja. Nitaisoma mbele, nitaigeuza nyuma, nitauliza huu mstari mdogo wa chini unasema nini, na ukianza kutikisa mguu kwa haraka zako nitarudi kuanza upya juu kabisa. Wanangu wananicheka. Vijana wa benki wananiita "bibi hakimu" nikiwapa kisogo, wanadhani sisikii. Wacheke tu. Wao hawakuwa na baba mwenye kisima.

Tuliishi si mbali na Masumbwe, kwa Wasumbwa, ingawa sisi ni Wasukuma wa upande wa Shinyanga. Baba alihamia huko na ng'ombe wake akitafuta malisho. Kisha ikaja amri ya vijiji, tukang'olewa tena, tukapangwa kwenye mistari ya nyumba mahali palipofaa kwa kila kitu isipokuwa kunywa maji. Lambo lilikuwa mbali. Ukiondoka jogoo wa kwanza unarudi jua limekaza, na ulichobeba kichwani ni maji yenye rangi ya udongo ambayo ng'ombe wa watu wamekwisha kusimama ndani yake. Baba akasema yeye hahami tena, na hatakunywa kojo la ng'ombe mpaka anakufa. Akaanza kuchimba nyuma ya nyumba.

Walichimba wawili, yeye na mama, viangazi viwili. Baba chini na sururu, mama juu akivuta udongo kwa ndoo na kamba ya katani. Walipofika kwenye jiwe mama alimwambia aache, watu wanacheka. Baba alinuna siku tatu, ya nne akashuka tena. Maji yalipotoka yalikuwa matamu, jamani, matamu kweli! Mama alikaa chini palepale kwenye udongo akalia. Baba akajengea mawe ndani kuanzia chini mpaka juu, jiwe moja moja, na kila jirani aliyekuja na ndoo aliruhusiwa kuchota. Mama akapanda mchicha na nyanya, na kwa mara ya kwanza ndama wetu wakanywa nyumbani.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi palepale kijijini, mwaka wangu wa pili kazini, ninaishi kwa wazazi. Msicheke, enzi zile mwalimu alikuwa mtu! Baba hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alikuwa na binti mwalimu, na alihakikisha hakuna anayesahau. Hata nyumbani hakuniita jina. "Mwalimu, niletee maji ya kunawa." "Mwalimu, kuku wameingia kwenye mtama." Nami nilijifanya naudhika, kumbe kichwa kilikuwa kinavimba.

Kampuni ilikuja baada ya vita, miaka ile maduka yalipokuwa na rafu tupu na mwenye duka amekaa tu anajipepea. Walikuwa wanatafuta dhahabu. Walileta mtambo wa kuchoronga miamba, wakausimika upande wa pili wa ua wetu, na kutwa nzima ardhi ikawa inatetemeka mpaka vyombo vya mama vikawa vinagongana kwenye kichanja. Tulivumilia. Tuliambiwa ni maendeleo. Kisha siku moja lori lao likaja kugeuzia nyuma ya nyumba, tairi la nyuma likakanyaga ukingo wa kisima, na mawe ya upande mmoja yakaporomoka ndani. Dereva alishuka, akatazama, akapanda, akaondoka! Mama alipovuta ndoo, juu ya maji kulikuwa na utando wa dizeli unaong'aa rangi rangi. Alimpelekea ng'ombe mmoja. Ng'ombe alinusa, akageuza kichwa.

Baba alikwenda kambini kwao kulalamika. Hakupigwa wala kutukanwa, aliambiwa tu arudi nyumbani, atafuatwa. Na kweli siku ya pili yake akaja ofisa wa kampuni, Mtanzania mwenzetu, kijana nadhifu, suruali imepigwa pasi. Alivua kofia akiwa bado mbali. Akachuchumaa mbele ya baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nimekuja kutoa pole. Tumekosa."

Ngojeni niwaambie hilo neno lilivyoingia nyumbani kwetu. Kwa desturi yetu, mtu akikukosea kisha akaja mwenyewe kwako kusema pole, amekiri. Unampokea. Unamlisha. Humuulizi swali la ukali akiwa chini ya paa lako, kwa sababu kesi yenyewe ina siku yake. Wazee watakaa, mtazungumza, atasema atakurudishia nini. Pole ni kuanza mazungumzo, wala haimalizi lolote. Baba alikuwa amepokea pole nyingi maishani na kutoa nyingi, na zote zilikwenda hivyo. Basi uso wake ulilainika hapohapo, akamwambia mama achinje kuku.

Yule kijana akashusha vitu kwenye gari: sukari, sabuni za mche, blanketi zito la kijivu. Mimi ninayeandika haya nilikuwa nimefulia majani ya mpapai kwa miezi, na zile sabuni niliziinamia nikazinusa mbele ya mgeni. Nasema ukweli. Akaahidi kwa mdomo wake kwamba gari la maji litakuja kila wiki, na mafundi watakuja kukisafisha kisima na kupanga mawe upya. Kisha akatoa karatasi iliyopigwa chapa.

"Hii ni ya kuonyesha tu kwamba mzee amepokea," alisema. "Mnajua mambo ya ofisi."

Na hilo nalo baba alilijua, au alidhani analijua. Alikuwa mkulima wa pamba. Kila msimu kwenye chama cha ushirika alipima marobota yake, akabonyeza dole gumba kwenye kitabu, akapewa kilichopo, na kingine kikafuata baadaye. Maisha yake yote dole gumba lilikuwa na maana ya kupokea. Hakuwahi kuliweka mahali likamfungia mlango.

Karatasi nikapewa mimi, mwalimu. Nikaanza kuisoma kimoyomoyo. Aya ya kwanza ilitaja sukari, sabuni na blanketi, sawasawa kabisa. Aya ya pili ilianza, "Kwa kupokea vitu hivyo, mimi niliyetajwa hapo juu..." na hapo mama akaingia na beseni la maji ya kunawa. Mgeni akanyoosha mikono. Mimi bado nimeinamia karatasi. Baba akaniambia kwa Kisukuma, polepole, ili mgeni asione anakemea:

"Mayu, mgeni ananawa, wewe unamkagua kama askari wa barabarani?"

Aliniita mayu, mama, kama baba wa Kisukuma anavyomwita binti yake anapotaka kumtuliza. Uso ukanishika moto. Mtu amekuja kwetu na pole, amechuchumaa, kuku wake ameiva, na mimi namhesabia maneno! Niliikunja ile karatasi.

Baada ya chakula kijana alitoa kidau cha wino, akamshika baba dole gumba kwa adabu, akalibonyeza. Kisha akanigeukia. "Na mwalimu naye atuwekee sahihi hapa, kwamba ameshuhudia."

Nilikuwa na sahihi nzuri. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi chuoni nyuma ya madaftari, yenye mkia unaozunguka. Juu ya mahali pangu paliandikwa: nathibitisha kwamba nimemsomea yote na ameyaelewa. Huo mstari niliuona. Sitaki mtu aniambie sikuuona. Niliuona, nikajiambia nitaomba nakala nisome kwa nafasi, nikauzungusha mkia wangu mzuri. Nakala, kijana alisema, itafuata.

Gari la maji lilikuja mara tatu. Mafundi hawakuja hata mara moja. Mvua zilipoanza, ule upande uliolegea ukaachia, na mawe yote ya baba yakaingia chini na udongo juu yake. Tuliamka tukakuta shimo limekaa kama bakuli, lina tope katikati. Mama alilizunguka, akalizunguka tena. Hakulia safari hiyo.

Tulikwenda kambini, baba na mimi. Kijana yuleyule, suruali ileile ya pasi, ila safari hii alikuwa nyuma ya meza na hakuinuka. Alifungua faili akasoma kwa sauti: kwamba kwa kupokea vitu vilivyotajwa, mwenye kisima ameridhika, na hatadai tena kitu chochote, sasa wala baadaye, kwa hasara iliyokwisha kuonekana na itakayoonekana.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Maneno haya yalikuwapo siku ile?"

"Yalikuwapo, mzee. Mwalimu alikuwa nayo mkononi."

Baba akanitazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Angenizaba kibao mbele ya yule mpuuzi ningemshukuru mpaka leo. Alinitazama kama mtu anayetaka kujua kama nimechoka, kisha akavaa kofia yake tukaondoka.

Lakini hakukata tamaa. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia aende mahakama ya mwanzo, kwamba kuna njia. Mzee hajui kusoma, kijiji kizima kinajua. Akisema hakusomewa, ile karatasi haina nguvu, na kampuni italazimika kukichimba upya kisima. Baba akafungua shauri. Mama akarudi lamboni na ndoo, akisema ni kwa muda tu, nyanya zikakauka moja baada ya nyingine huku tukingoja siku.

Nami niliamua. Nilijiambia nitasimama pale niseme: sikumsomea, niliona aibu, nikatia sahihi kwenye uongo. Nilikariri maneno hayo njiani nikienda shule na nikirudi. Yalikuwa machache, na yalikuwa kweli.

Siku ilipofika baba alivaa koti lake la kanisani. Alishika Biblia akaapa kusema kweli, na baba hakuwa mtu wa kuapa ovyo. Rozari yake ilikuwa imelika shanga kwa vidole. Akaeleza habari ya lori na mawe, akasema ile karatasi hakusomewa. Yule ofisa akaonyesha karatasi. Hakimu akaisoma, akavua miwani, akaniita nisimame.

"Mwalimu, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa."

"Ulimsomea mzee?"

Nilifungua mdomo. Akaninyooshea kiganja. Hakuwa mtu mbaya yule hakimu, nadhani alitaka kunisaidia.

"Ngoja kwanza. Umeandika hapa kwamba ulimsomea yote. Ukiniambia leo hukumsomea, basi mtumishi wa serikali ameandika uongo kwenye hati, na mimi nitawajibika kumwandikia Afisa Elimu. Fikiri kabla ya kujibu."

Nilifikiri. Ndicho hicho tu nilichofanya, nilifikiri. Nikaiona shule yangu, nikaona watoto wangu wa darasa la pili na chaki yangu, na yale maneno niliyoyakariri wiki nzima yakawa hayapo. Kisha nikasikia benchi likilia nyuma yangu. Baba alikuwa amesimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa, alinisomea."

Hakimu akamgeukia. "Mzee, umekula kiapo."

"Najua."

"Alikusomea yote?"

"Yote. Mimi ndiye niliyesahau. Ni uzee."

Uzee gani! Hakuwa na unywele mweupe hata mmoja kichwani. Mwenyekiti alishika kichwa. Hakimu alimtazama baba kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akavaa miwani yake akaandika. Hakuna aliyeniuliza tena. Na hakuna aliyenizuia pia. Nilikuwa nimesimama palepale, mdomo ninao, dakika zote alizokuwa akiandika. Kisha shauri likafutwa, tukaambiwa tunaweza kwenda.

Njiani baba alizungumzia mvua. Alisema mtama wa watu wa bondeni umependeza. Tulipofika mama alikuwa mlangoni, akatutazama nyuso, akachukua ndoo yake bila kuuliza, na baba akaingia ndani kuvua koti.

Jumapili tulikwenda misa wote watatu. Ulipofika wakati wa komunyo watu wakapanga mstari, na baba hakuinuka. Mama alimgusa bega. Akatikisa kichwa, kofia ikiwa magotini, macho kwenye sakafu. Jumapili iliyofuata ikawa hivyohivyo, na iliyofuata, na mwaka ule wote, maana mwenye dhambi kubwa hapokei mpaka aungame, na kwenda kuungama kungekuwa ni kusema ni kwa ajili ya nani aliapa uongo, na padre wetu alikuwa kwenye kamati ya shule yangu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, upande wa ndani wa benchi. Ilibidi asogeze magoti ili nipite. Alisogeza, nikapita, nikaenda mbele, nikapokea.