Waya wa Bluu Kwenye Mfongo

Chuo chetu cha jioni pale Moshi mjini kilikuwa juu ya duka la vipuri, na ninaapa hajazaliwa binadamu aliyesoma mitandao ya kompyuta kwa bidii kama mimi. Mchana nilibeba mabati, jioni nilikariri mpangilio wa nyaya nane nyembamba zinazokaa ndani ya waya mmoja: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu. Nilizikariri mpaka kanisani. Bibi aliyekaa mbele yangu akaitikia, "Utuombee."

Karibu na kumaliza, shule ya masista kule kwetu Kibosho ikaniita. Sista mkuu alikuwa na rola la waya wa bluu, ofisi upande huu, chumba cha kompyuta upande ule, na migomba katikati. Akaniambia nikiviunganisha viwili hivyo, na vikawa bado vinawasiliana siku wakaguzi watakapokuja, kazi ya fundi wa shule ni yangu. Kwetu sisi, kupata ajira ya kompyuta ni sawa na kumkuta chui anauza pombe ya mbege. Mama akatangaza jumuiyani. Kuanzia siku hiyo niliitwa injinia, na hata mbuzi walinipisha njiani.

Ardhi ya pale ilikuwa imejaa mizizi ya kahawa. Lakini kando ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia unaoshuka kutoka mlimani, udongo ulikuwa laini kama keki ya harusi. Nikaufukia waya humo, juujuu tu. Kompyuta zikaongea. Sista akapiga ishara ya msalaba.

Wakaguzi walikuwa waje Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia nilishuka mjini kufanya mtihani wa mwisho wa vitendo, nikaufanya vizuri hadi nikajionea wivu. Kumbe siku hiyohiyo kijijini kulikuwa na msaragambo: kila nyumba inatoa mtu na jembe, mfongo unazibuliwa kabla ya kiangazi. Nimeufanya msaragambo tangu jembe likiwa refu kuliko mimi. Chuoni walinifundisha kuogopa radi, panya na wezi. Msaragambo hawakuutaja, na mimi sikuukumbuka.

Niliporudi nikakuta migomba yetu iliyoelemewa na mikungu imefungwa kwenye nguzo zake kwa kamba za bluu. Nikacheka kwanza, ilipendeza. Halafu nikasogea karibu.

"Kamba nzuri hizo, baba," mama akasema. "Tumezifukua mfongoni, tukakatiana. Kila nyumba imepata."

Nikamweleza ilikuwa kamba gani. Akajifunika mdomo kwa khanga, akaingia ndani.

Jumapili baada ya misa nilimwamkia Sista shikamoo nikiwa nimeshaandaa maelezo marefu kuliko barabara ya Arusha. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliniambia kompyuta zimenyamaza tangu jana, ameshampata fundi mwingine kutoka Bomang'ombe, anakuja mchana ule kupitisha waya mpya juu kwenye nguzo, na kazi ataibeba yeye. Kisha akanitazama.

"Angekuwa fundi wa mbali ningemsamehe, mwanangu. Wewe ni wa hapa. Mfongo uliusahauje?"

Nikamwamkia shikamoo mara ya pili, nikaondoka na maelezo yangu yote.

Nilipanda nyumbani polepole. Mikungu miwili ilikuwa imelala chini, nguzo zimeanguka pembeni. Mama alikuwa amekaa barazani na rundo la bluu mapajani, anakaza fundo kwa meno. Alikwenda misa ya kwanza, akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wafungue kamba zao.

"Nimeiunga yote," akasema. "Haijapungua hata kipande. Kawahi kabla wakaguzi hawajafika."

Mafundo yalikuwa yamekazwa vizuri sana, na kila moja lilikuwa limezifinya zile nyaya nane, rangi zote pamoja. Nilitaka kumwambia kompyuta haziongei kupitia mafundo, na kwamba kazi imeshakwenda. Akawa ananitazama kama siku aliyonitangaza jumuiyani.

"Asante, mama," nikasema.

Nikautupa ule waya begani, nikashika njia ya shule. Nilipofika mahali asipoweza kuniona nikakaa ukingoni mwa mfongo. Ulikuwa umezibuliwa vizuri, maji yanakwenda mbio. Kule juu nilisikia nyundo ya yule fundi ikigonga nguzo. Sikuwa na pa kuupeleka ule waya, wala sikujua nitarudi nyumbani na uso gani.